Wakusanyaji wa stempu na sarafu wapewe muda wa kukaa pamoja

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye majuma mawili yaliyopita aliandika kwamba vyama vya wakusanyaji wa stempu na sarafu vimegeuka vyama vya pilau. Alisema tunachangishana fedha, tunapanda treni na mabasi, tunakula, tunacheza muziki, tunapiga picha, kisha tunarudi makwetu. Ushauri wake ni kwamba mkutano wa mwaka uwe wa siku moja: maonyesho asubuhi, hesabu na uchaguzi mchana, jioni kila mtu ashike njia yake.

Barua ile nimeisoma mara tatu. Sikukasirika, maana nusu ya aliyoyasema nimeyaona kwa macho yangu. Lakini dawa aliyoitoa itamuua mgonjwa.

Mimi ni mstaafu wa posta. Nilikaa dirishani miaka 29, mingi kati ya hiyo hapa hapa Tabora, nikiuza stempu na kugonga mihuri. Nilianza kukusanya bila kujua kuwa nakusanya. Wateja waliopata barua kutoka nje walikuwa wakinikatia ile pembe ya bahasha na kuniambia, "Dada, chukua, tunajua unazipenda." Nyumbani naziloweka kwenye sahani ya maji, zikibanduka nazianika juu ya gazeti. Leo nina albamu saba, na kando yake nina kibakuli cha sarafu za Wajerumani ambazo watu wa mji huu huzikuta wakilima au wakichimba misingi ya nyumba. Katika chama chetu niko kwenye kamati ya makaribisho, yaani chakula, malazi, matembezi na jioni zote ni mzigo wangu. Kwa hiyo msomaji yule alikuwa akisema nami, ajue asijue.

Mwaka juzi tulikutana katika mji mmoja ambao sitautaja. Maonyesho yalipangwa vizuri, fremu zimenyooka, maelezo yameandikwa kwa mwandiko safi. Jioni ndipo mambo yalipoharibika. Kamati ya kule ilikodi ukumbi wa harusi, na ukumbi ukaja na mambo yake yote ya harusi: mshereheshaji, spika mbili ndefu kama mtu mzima, taa za rangi zinazozunguka, meza kuu iliyopambwa vitambaa. Ratiba ilisema chakula ni saa mbili usiku. Chakula kilifika saa nne na robo. Muda wote huo tulikuwa tunatambulishana meza kwa meza, tunainuliwa tucheze, tunaitwa mbele kwa kipaza sauti kupeleka zawadi kwa mgeni rasmi ambaye stempu hazimhusu.

Kwenye meza ya mwisho, karibu na mlango, alikaa mzee mmoja wa Kigoma, mfanyakazi wa zamani wa bandarini. Mapajani alikuwa na kopo la bati la biskuti, amelizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza kopo lina nini. Akaniitikia, akaniinamia sikioni, akasema, "Mwanangu, haya si mambo ya kupigiana kelele. Muziki ukinyamaza nitakufungulia uone."

Muziki haukunyamaza.

Pale ukumbini alikuwapo kijana wa chuo ambaye alikuwa amemwandikia mzee huyo mwaka mzima, barua za karatasi, zenye stempu, si ujumbe wa simu. Walikuwa wanaandikiana juu ya stempu za Wabelgiji. Wasomaji wengine huenda hawalijui jambo hili. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Kigoma, na Septemba mwaka huo huo yakaingia Tabora. Walikuja na stempu zao za Kongo, wakazipiga maandishi juu kwa Kifaransa na Kiholanzi kueleza kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Wajerumani iliyo chini ya Ubelgiji. Kigoma ilibaki mikononi mwao hadi 1921. Mzee alikuwa amemwandikia kijana kwamba anazo stempu hizo zikiwa bado juu ya bahasha, zina mhuri. Anayekusanya anaelewa uzito wa maneno hayo. Stempu iliyobanduliwa ni stempu tu. Bahasha iliyosafiri kweli, ina jina la aliyeandikiwa, ina mhuri wa ilikotoka na wakati mwingine wa ilikofika, hiyo inakusimulia safari nzima.

Kijana alikuja na daftari la maswali. Walikaa viti viwili jirani, mmoja akiweka mkono sikioni, mwingine akipaza sauti hadi mishipa ya shingo ikamsimama, na sidhani kama walisikilizana maneno kumi. Saa tano usiku nilipogeuka, mzee alikuwa amesinzia kwenye kiti cha plastiki, kopo liko mapajani, mikono yote miwili juu yake. Alfajiri aliondoka. Mwaka uliofuata, kabla hatujakutana tena, tukaletewa taarifa ya msiba.

Kijana bado ana lile daftari. Maswali yamo, majibu hayamo.

Sasa msomaji mwenzangu anaposema jioni zifutwe, nataka aelewe ninachokitetea. Kwenye maonyesho unakiona kitu nyuma ya kioo na unasoma karatasi iliyobandikwa chini yake. Ni vizuri, lakini ni kama kumwona mtu kwenye picha. Kitu cha kale unakijua unapokishika, ukakigeuza, mwenye nacho akiwa pembeni anakuambia alikipata wapi. Na wakusanyaji ni watu wa hofu. Tunaogopa wezi, tunaogopa vitu bandia, tunaogopa kuonekana hatujui. Hakuna anayemfungulia kopo lake mtu aliyekutana naye asubuhi. Utafunguliwa na yule mliyenawa naye mikono kwenye beseni moja, mkala, akakuuliza habari za watoto.

Mwaka huu zamu ilikuwa yetu Tabora. Tulikutana mwezi Juni, shule zikiwa zimefungwa, na jambo la kwanza nililolikataa kwenye kikao cha kamati ni ukumbi wa harusi. Tulipata bwalo la shule na madarasa mawili yaliyo jirani. Wenzangu waliona tunajishusha. Mmoja akauliza, wageni watoke mbali waje wakae kwenye mabenchi ya wanafunzi? Nikamwambia ndiyo, kwa sababu meza za shule ni pana, zimenyooka, na juu yake kuna taa nyeupe. Taa ya rangi ni adui wa sarafu. Chini ya taa ya njano hutatofautisha shaba nyekundu na shaba ya njano, na kwa sarafu za Tabora tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe.

Naomba nieleze hapa, kwa sababu hata wenyeji wengi hawajui mji wao umewahi kuwa na kiwanda cha fedha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliziba bahari, sarafu kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kujitengenezea wenyewe hapa Tabora, kwenye karakana ya reli. Walitoa sarafu za heleri tano na za heleri ishirini (heleri ilikuwa fedha ndogo ya Wajerumani, mia moja kwa rupia), nyingine za shaba ya njano, ambayo sehemu yake ilitokana na maganda ya risasi, na nyingine za shaba nyekundu. Wakatoa pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake, na dhahabu yenyewe ilitoka mgodi wa Sekenke. Hizo za dhahabu zilizidi 16,000 kidogo tu. Zote zina herufi T, maana yake Tabora. Na hilo neno heleri ndilo lililotuachia "hela" tunayoitafuta kila siku.

Basi usiku wa pili wa mkutano wetu, darasa la kwanza, fundi saa mmoja wa Isevya alitandika leso nyeupe mezani, akaweka sarafu mbili za heleri ishirini, moja kando ya nyingine. Alizishika ukingoni kwa ncha za vidole, hakugusa uso wake. Akampa lenzi binti mmoja wa kidato cha tano aliyekuja na baba yake. "Mwanangu, usiangalie namba, angalia herufi L kwenye neno HELLER, ile ya pili. Mwisho wake umekaaje?" Binti akainama mpaka nywele zikagusa leso. Akasema hii mkia umejikunja, hii umechongoka. "Haya, sasa taji." Taji la moja lilikuwa kubwa, la nyingine dogo. Fundi akamweleza kwamba kwenye karakana walitumia mihuri ya kugongea zaidi ya mmoja, na kila muhuri uliacha alama yake. Binti akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Babu, sisi nyumbani tunazo nne. Mama anazitumia kuzuia mlango wa kabati usifunguke." Meza nzima ikageuka kumtazama. Baba yake hakuwa anajua. Kesho yake asubuhi walizileta zote nne zikiwa zimefungwa kwenye karatasi ya daftari.

Jambo kama hilo halitokei saa nne asubuhi kwenye foleni ya kupita mbele ya fremu. Lilitokea saa mbili na nusu usiku, watu wameshiba, hakuna mwenye haraka.

Usiku huo huo lilitokea jingine ambalo nalisimulia kwa ruhusa ya mwenyewe. Mwanachama mmoja alinunua ile rupia 15 ya dhahabu miaka mitatu iliyopita kwa fedha nyingi, karibu nusu ya kiinua mgongo chake. Alikuwa hajamwonyesha mtu. Baada ya chai akamvuta pembeni yule fundi saa na mwenzake mmoja anayefanya kazi ya usonara, akaitoa mfuko wa shati. Sonara alikuwa na mizani yake ndogo. Sarafu halisi ina uzito wa gramu 7 na kitu. Ile haikufika 6. Walikaa naye kwenye kona ya darasa karibu saa nzima, taratibu, bila mtu mwingine kujua kinachoendelea. Angeipeleka kwenye maonyesho angeumbuka mbele ya watu mia. Alilala vibaya usiku ule, lakini asubuhi alikuja kunishukuru, akaniambia angalau sasa hataiuza kwa mtu mwingine akidhani anauza kitu halali.

Nirudi kwenye mipango, maana naandika pia kwa wenzetu wa Kigoma watakaotupokea mwakani.

Saa ya chakula ndiyo nguzo. Sisi tulipakua saa kumi na mbili na nusu jioni, jua linazama, na saa mbili kasoro robo masufuria yalikuwa yameshaoshwa. Mama aliyetupikia nilimwambia waziwazi: ukichelewa nusu saa umeniharibia usiku wote. Hakuchelewa. Alipika wali, kuku wa kienyeji, mlenda wa karanga, na matobolwa, ambayo wageni wa Pwani waliyala kwa mashaka mwanzoni kisha wakaomba ya kubeba. Chakula kiliishia bwaloni. Mlangoni pa kwenda madarasani tuliweka ndoo za maji ya vuguvugu, sabuni na taulo, na vijana wawili wa kuhakikisha hakuna anayepita na mikono ya mafuta. Tone la mchuzi kwenye stempu halitoki hadi mwisho wa dunia. Nimeliona likienea kwenye karatasi kama wino, na mwenye albamu anatazama tu, hana la kufanya.

Na hapa nikiri kosa langu, kwa sababu lilimuumiza mtu. Tabora ni mji wa asali, nikaona kila mgeni apewe chupa ndogo. Badala ya kuzigawa siku ya kuondoka nikazipanga katikati ya meza za kubadilishana, zipendeze. Chupa moja haikuzibwa sawasawa. Asali haina sauti. Ilitiririka taratibu chini ya kitambaa, ikaingia kwenye ukurasa wa albamu ya mama mmoja wa Mwanza uliokuwa na stempu za twiga, zile za Tanganyika za 1922. Nne ziligandamana. Nilimwomba radhi palepale, na baadaye nikamtumia nne za kwangu. Mbili ni nzuri kuliko zake, mbili si nzuri kama zake, na najua haziwezi kuwa zile alizoachiwa na baba yake. Kigoma, zawadi za kula na kunywa wapeni watu wakiwa wanapanda gari la kuondoka.

Halafu kuna suala la treni. Wengi wetu ni watu wa reli ya kati, na treni ikichelewa haiombi ruhusa kwa kamati. Mikutano iliyopita ilifungua usiku wa kwanza kwa hotuba, wanaochelewa wakaingia ukumbini na mabegi mkononi wakati mwenyekiti anaongea, wakasimama ukutani kama watoto waliochelewa shule. Sisi usiku wa kwanza hatukuweka hotuba hata moja. Tuliweka chai. Kuanzia saa kumi alasiri birika lilikuwa jikoni, maandazi na karanga za kukaanga mezani, na aliyefika saa tano usiku alikuta chai ya moto na mtu wa kumpeleka alikolala. Wageni 11 walilala majumbani mwetu, jambo lililopunguza gharama na, kusema kweli, ndiko mazungumzo mengine yalikoendelea hadi usiku wa manane. Hotuba zilisogezwa mchana wa siku ya pili. Hakuna aliyezililia.

Muziki sikuufuta. Mji uliotoa Tabora Jazz utawaambiaje watu wasicheze? Tuliuweka usiku wa mwisho, uwanjani, baada ya tuzo kutolewa na albamu zote kufungiwa chumbani na ufunguo kuwa kwa mweka hazina. Waliotaka kucheza walicheza kweli. Waliotaka kuzungumza walikuwa na bwalo upande wa pili, spika zimegeuziwa kwingine. Umeme ulikatika mara moja, dakika kama arobaini, na taa za sola tulizoazima zilitosha.

Matembezi yalikuwa ya asubuhi moja tu, kwenda Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Watu wengi hupelekwa pale wakasimuliwa habari za mvumbuzi. Mimi niliomba watu wa stempu wasimuliwe habari za barua, maana pale ni mahali petu. Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871 alikuta mfuko wa barua za Livingstone, umeandikwa tarehe ya Novemba 1870, ulitoka Zanzibar ukakwama hapa njiani huku mwenyewe yuko upande wa ziwa. Akaubeba hadi Ujiji. Watu husimulia walivyosalimiana chini ya mwembe. Sisi tuliokaa madirishani tunauwaza mfuko ule, na mtu aliyekaa miaka bila barua ya nyumbani, halafu anafunguliwa kamba. Mwaka uliofuata Stanley aliondoka na barua na shajara za mzee huyo kuzipeleka Uingereza. Tulikaa kivulini, mtu mmoja akasimulia, hakuna kipaza sauti. Mstaafu mwenzangu wa posta kutoka Dodoma aliniambia amepita Tabora mara nyingi na hakuwahi kujua kwamba barua zile zilikwama hapa.

Jambo jingine ambalo kamati zetu hulisahau ni wenza. Mwanachama anakuja na mke au mume, anamwacha ukutani siku tatu, mkono mmoja pochi mkono mwingine soda. Mwaka huu niliwapigia simu kabla, mmoja mmoja, nikawauliza wao wanapenda nini. Mama mmoja wa Urambo akanijibu kwa upole, "Mimi nina khanga tu." Nikamuuliza ngapi. Akasema hajawahi kuzihesabu, ila zamani zaidi ni ya mama yake. Nikamwomba aje nazo. Alipewa meza katika darasa la pili, akatandaza doti moja moja, kila moja na maandishi yake, na alikumbuka kila moja aliipata kwa nani na kwa tukio gani. Moja imeandikwa "Wema hauozi," rangi imepauka karibu yote, pindo limeshonwa upya mara mbili. Ilikuwa ya mamake, aliyepewa na jirani siku alipojifungua yeye. Wanaume wenye albamu za mamilioni waliacha meza zao wakaja kusimama pale. Mume wake alisimama nyuma kabisa. Ameishi naye miaka 34, anasafiri nchi nzima kutafuta vitu vya kale, na siku hiyo ndiyo kwanza anayasikia.

Kuhusu fedha, hapa namuunga mkono msomaji. Katika mji ule wa mwaka juzi mshereheshaji, spika na mapambo viligharimu kuliko chakula, na hadi leo sijaona risiti. Mwaka huu kila mtu alichangia shilingi 40,000, wanafunzi 10,000, na siku ya mwisho mweka hazina alibandika hesabu ukutani hadi gharama ya sabuni. Vilevi havikununuliwa kwa mfuko wa chama. Anayetaka alijinunulia. Zilibaki 63,500, zimepelekwa Kigoma kuanzia maandalizi. Mkutano wenye jioni tatu ulitoka rahisi kuliko ule wa usiku mmoja wa ukumbini, na hesabu zipo kwa anayetaka kuziona.

Kigoma mna kila kitu. Mna stesheni ya Wajerumani, ambako reli ilifika 1914. Mna Ujiji, mkiwapeleka watu asubuhi kabla ya jua kali. Mna habari za Liemba, meli iliyoletwa kutoka Ujerumani kwa vipande ndani ya masanduku, ikapita juu ya reli hii hii, ikaunganishwa pale kwenu, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina jipya. Mna migebuka na dagaa, na hapo ndoo za maji na sabuni ziwe mara mbili ya zetu. Nimesikia kuna mawazo ya kukodi boti, mkutano mzima uende ziwani jioni kwa muziki na chakula. Nawasihi msifanye hivyo. Ziwa lile likichafuka linawachafua watu tumbo, na hakuna mtu mwenye akili atakayefungua albamu juu ya maji. Tafuteni bwalo. Tafuteni taa nyeupe.

Nina sababu moja ya kuharakisha barua hii. Mwezi uliopita nilipokea bahasha kutoka Kigoma, ya mjukuu wa yule mzee wa bandarini. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Anasema kopo la babu yake liko kwake, na yeye ndiye aliyelifungua baada ya arobaini. Ndani amekuta bahasha tisa zenye stempu za Wabelgiji, heleri kadhaa, na karatasi ndefu iliyoandikwa kwa penseli, ambayo kichwa chake ni jina la yule kijana wa chuo, na chini yake kuna namba moja hadi kumi na nne. Ni majibu ya maswali yake, kadiri alivyoyapokea kwenye barua.

Nimeshazungumza na kijana, atakuja. Mwalimu naye atakuja, na ameniuliza usiku wa kwanza wapangiwe meza ipi, kwa sababu angependa iwe mbali na spika. Sijamjibu, kwa kuwa ratiba ya Kigoma bado haijatoka. Naomba kamati ya Kigoma itoe ratiba hiyo kabla ya mwisho wa mwezi ujao, na ituambie meza hiyo iko wapi.

Mjumbe wa kamati ya makaribisho,
Cheyo, Tabora